Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba: mwandikeni mtoto kwa jina la mama yake

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako ninafanya kazi ya ushonaji. Ninaandika kwa Kiswahili nilichokulia nacho katika kambi ya jeshi alikofanya kazi marehemu baba yangu, kabla waasi wa Joseph Kony, wa kundi la LRA, hawajaniteka nikiwa likizoni kijijini kwa bibi. Baraza la Mawaziri liliafiki Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi hii, kwa hiyo natumaini hakuna katika ofisi yako atakayesema barua hii haikusomeka.

Ombi langu ni moja: mtoto aliyezaliwa msituni, mama yake akiwa mateka wa waasi, aandikwe raia kwa jina la mama yake, bila kudaiwa ukoo wa baba. Ningeweza kuishia hapa, lakini nimekwisha kuona kwamba ombi fupi husahaulika upesi zaidi.

Wiki iliyopita kijana wangu alirudishwa tena kutoka ofisi moja ya usajili. Karani alijaza jina lake, jina langu na kijiji changu bila taabu, akafika penye ukoo wa baba, akasimamisha kalamu. Kijana akasema haujui. Karani akanigeukia mimi na kuniuliza, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, kama huyu si wa Kony, kisha akaikunja fomu na kutuagiza twende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tukalete barua ya wazee wa upande wa baba. Wazee gani, Mheshimiwa? Mwanamume niliyekabidhiwa kwake nikiwa msichana aliitwa kwa cheo na kwa jina la msituni tu, akauawa Sudan mwaka 2002, jeshi letu lilipovuka mpaka katika Operesheni Iron Fist. Sikuwahi kujua kwao ni wapi. Na hata ningejua, nikabishe hodi nyumbani kwa watu nikawaambie nini?

Kijana huyu amepita miaka ishirini. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina langu, pesa anazopata kwa kubeba abiria zinapitia simu yangu, na boda boda anayoendesha ni ya mtu mwingine, kwa kuwa bila kitambulisho cha taifa hapati leseni wala mkopo. Wajomba zake, ndugu zangu wa tumbo moja, wamemwambia waziwazi kwamba shamba la babu lina wenyewe, yeye akatafute kwa baba yake. Siwalaumu sana (nasema uongo, nawalaumu), lakini wao angalau wanaweza kusema wanafuata mila. Serikali inafuata nini?

Haifuati Katiba. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 1995 inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu yeyote, azaliwe ndani au nje ya Uganda, ikiwa mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, alikuwa raia kwa kuzaliwa wakati huo. Mmoja, Mheshimiwa. Haikuandikwa baba. Mimi ni fundi cherehani na nimeisoma, nikaielewa. Sidhani kwamba inawashinda wanasheria wote waliojaa wizarani kwako.

Niliporudi mwaka 2004 nilipewa cheti cha msamaha, walichopewa waasi waliorudi, chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na pamoja nacho godoro, sufuria, jembe na shilingi 263,000. Nilipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, kila nikikitazama cheti hicho najiuliza nilisamehewa kosa gani, la kutekwa au la kurudi nikiwa hai. Katika vitabu na hotuba tunaitwa wake wa makamanda, kana kwamba vita vilipita huku tumekaa jikoni. Wasichana wadogo, waliokuwa wakiitwa ting ting, walilea watoto wa makamanda mpaka nao wakafikia umri wa kugawiwa wanaume. Sisi wakubwa tulilima, tulichota maji, tulibeba risasi na mahindi kichwani huku watoto wako mgongoni, tuliwauguza majeruhi, na wapo wenzangu waliopewa bunduki na hata vyeo. Ndege zilipotushambulia hazikuchagua nani mke na nani mpiganaji. Lakini ulipofika wakati wa mazungumzo ya amani ya Juba kati ya Serikali na waasi, kuanzia 2006 hadi 2008, meza ilijaa wanaume, ingawa aliyetangulia kuingia msituni kuzungumza na Kony, mwaka 1993 na 1994, alikuwa mwanamke, Bi. Betty Bigombe, waziri wakati huo.

Mahakama, nakiri, zimetusemea. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia Dominic Ongwen, kamanda wa waasi hao, hatiani kwa makosa 61, yakiwamo ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa, na Februari 2024 ikaagiza waathirika wake walipwe fidia ya ishara ya euro 750 kila mmoja, ikiwatambua pia watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji huo. Hapa Gulu, Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa waasi, alihukumiwa miaka 40 Oktoba 2024, na baadaye majaji wakaiamuru Serikali iwafidie waathirika kwa kuwa mfungwa mwenyewe hana kitu. Nilifurahi kwa ajili ya wenzangu. Lakini hukumu ya Ongwen inawahusu waliokuwa chini ya brigedi yake ya Sinia na wale wa kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na mimi sikuwa Sinia. Inaonekana haki yangu inategemea nilitekwa na nani, kana kwamba niliulizwa nichague.

Ndiyo maana tulilitegemea Bunge. Aprili 2014, baada ya kina mama wa Women's Advocacy Network, chama cha wanawake walioathiriwa na vita, kupeleka ombi lao, wabunge walipitisha azimio la kuitaka Serikali iwape fidia na msaada wanawake na watoto walioathiriwa na vita. Tulipiga vigelegele. Juni 2019 Baraza la Mawaziri likapitisha Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito, yaani haki kwa walioumizwa na vita, tukapiga tena, kwa sauti ndogo kidogo. Sheria ya kuitekeleza sera hiyo mpaka leo sijaiona. Kila tunapouliza tunaambiwa fedha hakuna. Mimi nahisi, na huenda nikakosolewa, kwamba sheria ya namna hiyo ingewauliza na wanajeshi wa Serikali waliyoyafanya katika kambi za wakimbizi, na pengine hilo ndilo linaloifanya ikawie.

Basi iacheni fidia isubiri, maana kusubiri imekwisha kuwa kazi yetu. Ninachoomba hakihitaji bajeti wala mkutano hotelini. Kaa na mwenzako wa Mambo ya Ndani, ambaye usajili uko chini yake, mtoe waraka mmoja wa kurasa mbili kwa makarani wote wa nchi hii, wenye ibara ya 10 na maelekezo kwamba mama raia anatosha, pasiwe na barua ya ukoo na pasiwe na swali la Kony mbele ya watu. Kijana wangu yuko tayari kurudi ofisini siku yoyote mtakayoutoa, na mimi nitafunga duka nimsindikize.

Wako kwa heshima,
Mama mmoja, fundi cherehani, Gulu

Nakala: Mbunge wetu, aliyetuahidi jambo hili hili wakati wa kampeni