Ukimtafuta babu setla, anzia shambani

Kazi yetu ni kutafuta habari za masetla, yaani walowezi wa Kizungu, kwa ajili ya jamaa zao, na wateja wengi hutuandikia mstari mmoja tu: "Babu alikuja Kenya 1905, jina lake ni hili, tafadhali mtafuteni." Jina lenyewe huwa la watu mia, na mwaka ni wa kukisia. Tena mwaka huo hapakuwa na nchi iitwayo Kenya. Hadi 1920 Waingereza waliiandika Himaya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ukitafuta nchi kwa neno "Kenya" katika faharasa za miaka ile huenda ukaambulia patupu. Naivasha ndiko kunakotutoa jasho zaidi. Mpaka 1902 ilikuwa ndani ya mkoa wa mashariki wa Uganda, na mtu aliyefika kando ya lile ziwa 1900 anaweza kuwa amelala kwenye majalada ya Uganda ilhali Entebbe hajawahi kuiona.

Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa: shamba lilikuwa wapi? Mtu huhama, huoa tena, hubadilisha tahajia ya jina, lakini shamba haliendi popote. Lilipimwa, likapewa namba, na hata lilipokatwa vipande namba ile ya zamani huacha alama kwenye ramani.

Mteja wetu mmoja alikuwa na barua ya nyanya yake, juu imeandikwa "Sixty-Four". Alidhani ni namba ya nyumba na akahangaika nayo miaka miwili. Ni Eldoret hiyo. Mji ulianzia kwenye shamba namba 64, posta ikafunguliwa hapo 1910, na jina la Eldoret likaja 1912. Wazee wa huko bado wanasema Sisibo. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa na anwani ya zamani, tuonyeshe. Thomson's Falls ni Nyahururu, Fort Hall ni Murang'a, Broderick Falls ni Webuye, na Hoey's Bridge leo ni Moi's Bridge.

Uasin Gishu, eneo la Eldoret, ina mtego wake. Makaburu waliokuja na msafara wa Jan van Rensburg 1908 walipanda meli iitwayo Windhuk hadi Mombasa, wakachukua treni mpaka Nakuru, kisha wakapandisha nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Desturi yao ilikuwa kumpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba. Sasa hesabu mwenyewe: ndugu wanne wakizaa wana wanne, unapata binamu wanne wenye majina yaleyale, kijiji kimoja, pengine kanisa moja. Mwaka wa kwanza wa kazi hii tulimfuata binamu asiye wetu kwa wiki tatu nzima. Gharama tulibeba wenyewe.

Kilichotuokoa hakikuwa cha ofisini. Mjukuu wa setla tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa ametuma kutoka Afrika Kusini picha ya nyumba ya mawe na jina la mto. Tulipofika kwenye mto huo tukaelekezwa kwa mzee ambaye babake alikuwa skwota, mfanyakazi aliyeishi kwenye shamba hilo la setla. Jina tulilomtajia hakulijua. Tulipomwonyesha picha akacheka: "Huyu ni Bwana Kiko!" Kiko hakikumtoka mdomoni, ndivyo watu walivyomwita. Mzee akaingia ndani, akarudi na kibati kilichoshika kutu, tundu juu la kupitisha kamba. Ndani mlikuwa na kipande cha babake, kimekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Hiyo ni karatasi ambayo sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuivaa shingoni: alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia na ya kuachishwa. Kwenye safu ya mwajiri palikuwa na sahihi yenye herufi mbili za mwanzo, na herufi ya pili ndiyo iliyomtenga mtu wetu na binamu yake.

Kabla hatujaaga, mzee akatuuliza, "Na baba yangu je, mmemwona kwenye makaratasi yenu?" Hatukuwa tumemtafuta. Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya shamba tunaifanya pande mbili, na nakala ya tunachopata kuhusu wafanyakazi inabaki na familia zao bila malipo. Wateja wengine hushangaa. Hatujali.

Upande wa makaratasi, tunaanzia Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899. Watu hulidharau kwa kuwa linachosha kusoma, ila ndimo mlimo ilani za mirathi, ugawaji wa ardhi na orodha za wapiga kura wa Kizungu. Kisha tunaingia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, kwenye ripoti za madisi, wakuu wa wilaya wa kikoloni. Hapo ujue jambo moja mapema: moto wa 1939 katika makao makuu ya serikali Nairobi uliteketeza mafaili mengi ya mwanzo. Barua zilizokuwa zimekwisha kutumwa London zilisalimika, ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, katika mfululizo wa CO 533, pamoja na orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960. Kwa Makaburu waliorudi kwao uhuru ulipokaribia, faili la mirathi la Afrika Kusini ni dhahabu, kwani taarifa ya kifo humo hutaja wazazi, mke na watoto.

Hati isiyo na tarehe nayo tuletee. Ikitaja rupia, ni ya kabla ya mabadiliko ya 1920 na 1921, zilipopita florini kwa muda mfupi kisha zikaja shilingi.

Tusichofanya ni kudai ardhi. Kila mwezi kuna anayeuliza kuhusu ile hati ya kukodi ardhi kwa miaka 999 waliyopewa masetla. Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kukodi ardhi zaidi ya miaka 99, na mashamba mengi yaligawiwa wakulima wadogo tangu 1962. Kwa hilo tafuta wakili.

Ukitutumia picha, ipige pande zote mbili. Ile ya Bwana Kiko ilikuja upande mmoja tu. Miezi minne baadaye mjukuu akaigeuza, akakuta nyuma, kwa penseli iliyofifia, namba ya shamba.