Titi linaweza kutengenezwa upya, wanawake waambiwe

Mhariri, naomba kanafasi niseme hili la akina mama waliokatwa titi kwa sababu ya kansa. Huku Kigoma mgonjwa anasafiri mpaka Mwanza au Dar, anakatwa, anarudi nyumbani anajaza matambara kwenye sidiria na wengi wao hawajui kabisa kwamba titi linaweza kutengenezwa tena kwa nyama ya mwili wao wenyewe. Sio plastiki. Daktari anachukua ngozi na mafuta ya tumbo chini ya kitovu, anahamishia kifuani na kuunga ile mishipa midogo ya damu kwa darubini, au anazungusha msuli wa mgongoni kuuleta kifuani, njia ambayo daktari Tansini wa Italia aliiandika tangu 1906 jamani! Kweli, ile ya tumbo inachukua masaa mengi, inataka wataalamu, makovu yanabaki na hisia hazirudi zote. Lakini aambiwe basi, kabla hajakatwa, achague mwenyewe. Wapo wanaosema huo ni urembo tu, mi nakataa, mama anayeogopa kuoga na wenzake ziwani huyo ni mgonjwa hajamaliza kutibiwa na bima imlipie.

Msomaji wenu, Mwanga, Kigoma