Shughuli za majira ya kuchipua katika loji ya Frimasoni, Maine: twendeni tukaone wenyewe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaarifu wasemaji wenzangu wa Kiswahili tunaoishi jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuhusu shughuli ambazo loji (yaani tawi) ya chama cha Frimasoni ya mji wetu imezipanga kuanzia sasa hadi mwishoni mwa Juni. Papo hapo ningependa kuzungumza na wasomaji walioko nyumbani, ambao jina hilo huwafikia kwa sura nyingine kabisa: karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, au ujumbe wa simu unaomwahidi utajiri yeyote atakayetanguliza ada ya fomu. Najua jina hilo linawatia watu hofu, na kwamba wapo watakaoshangaa kuliona katika barua inayowakaribisha kwenye chakula cha jioni. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza nieleze ninaposimama. Mimi si Frimasoni. Ni Mkatoliki, na Kanisa langu limewakataza waumini wake kujiunga na chama hicho tangu Papa Klementi wa Kumi na Mbili alipotoa tamko lake mwaka 1738, katazo ambalo Vatikani ililithibitisha tena mwaka 1983 na kwa mara nyingine Novemba 2023. Ninalitii, wala sina nia ya kumshawishi mtu yeyote ajiunge. Hata hivyo, kula maharagwe katika ukumbi wa jirani, kuchangia damu, au kumsindikiza mtoto akapokee baiskeli aliyoipata kwa kusoma vitabu hakumfanyi mtu kuwa mwanachama wa chochote, na naona ni haki jirani anayetenda jema mbele ya macho yetu asemwe kwa hilo alitendalo.

Wasomaji ambao hawajaishi huku wanahitaji kuelewa jinsi msimu huu unavyopokelewa. Theluji hulala ardhini miezi mingi, na inapoyeyuka kati ya Machi na Aprili, barabara za udongo huko vijijini hugeuka tope hadi malori mazito yakazuiwa kupita mpaka ardhi ikauke. Wanachama wengi wa loji za hapa ni wazee; wamo wagane wanaoishi peke yao katika nyumba zilizo mbali na mji, na kwa wengine kikao cha loji cha kila mwezi ndiyo safari pekee waliyoisubiri wakati wa baridi, kama barafu iliwaruhusu kutoka. Kwa hiyo barabara zinapopitika tena, jambo la kwanza wanalolifanya ni kujuliana hali: nani ameugua, nani amefariki, mjane wa nani anahitaji kukatiwa kuni au kutengenezewa ngazi za nyumba yake. Mzee mmoja aliyenialika ukumbini aliniambia kuwa kazi hiyo ya kutembeleana ndiyo anayoiona kuwa loji hasa, na mengine yote ni mapambo. Sikuwa na sababu ya kumbishia, kwa sababu nilikuwa nimeiona kazi yenyewe kabla ya kuusikia usemi huo.

Shughuli iliyo karibu zaidi ni chakula cha jioni cha maharagwe, Jumamosi, ambacho mtu yeyote anakaribishwa kwa kulipa dola chache mlangoni. Kwa watu wa Maine maharagwe ni chakula cha heshima. Huchimbwa shimo, likazungushiwa mawe, na ndani yake huwashwa moto wa magogo ya miti migumu kwa saa kadhaa mpaka yabaki makaa matupu. Kisha chungu cha chuma chenye maharagwe, vitunguu, haradali na molasi (rojo tamu la miwa) huteremshwa humo, kikafunikwa kwa udongo na kuachwa usiku kucha. Asili ya mapishi hayo inahusishwa na Wawabanaki, wenyeji wa kwanza wa nchi hii, na wakata miti wa misituni waliyaendeleza kambini mwao. Shimo haliwezi kuchimbwa ardhi ikiwa bado imeganda, na ndiyo maana chungu cha kwanza cha mwaka kina furaha yake. Wazee wale wanakaa usiku karibu na shimo, wakizungumza, huku wakiwafundisha vijana namna ya kujua makaa yametosha. Mtu aliyezaliwa Kigoma au Uvira hahitaji kuelezwa thamani ya kikao cha namna hiyo.

Hapa niseme jambo moja kwa uwazi, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa miji ya Lewiston na Portland, hapa Maine, ni Waislamu. Desturi ya zamani ya mapishi hayo hutia kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi ndani ya chungu. Nilipowauliza wapishi, walikubali kwa moyo mweupe kupika chungu cha pembeni kisicho na nyama hiyo, kwa sharti tu kwamba waarifiwe mapema, kwani chungu kikishafukiwa Ijumaa jioni hakuna la kubadilisha. Nawasihi wanaotaka kwenda wapige simu ukumbini siku chache kabla, wasikae kimya na kisha wakasema tumetengwa.

Jambo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni mpango wa baiskeli kwa vitabu. Loji nyingi za Maine huuendesha pamoja na shule za msingi. Mtoto akimaliza kusoma kitabu hupewa tiketi yenye jina lake. Anayesoma zaidi anakuwa na tiketi nyingi zaidi katika sanduku. Na shule inapokaribia kufunga, wanachama wa loji huja na baiskeli mpya pamoja na kofia ngumu za kujikinga kichwa, na majina huchomolewa mbele ya shule nzima. Fedha hutoka katika mifuko ya wanachama na katika mauzo ya chakula kama hicho cha maharagwe. Nimewaona watoto wa Kikongo na Kirundi, ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakihangaika na herufi za Kiingereza, wakisoma usiku hadi mama zao wakawazimia taa, kwa tamaa ya baiskeli. Wengi hawakuipata, kwa sababu bahati nasibu ni bahati nasibu. Vitabu, hata hivyo, walikuwa wameshavisoma. Wazazi tunapaswa kujua kwamba tiketi huhesabiwa kwa vitabu vilivyoandikishwa kwa mwalimu, kwa hiyo tuulize shuleni mapema, kwani kwa shule zinazoshiriki kipindi cha kusoma mara nyingi kinakuwa kinakwisha mwezi huu wa Mei.

Mengine nitayataja kwa haraka. Kutakuwa na siku ya kuchangia damu katika ukumbi wao. Jumatatu ya mwisho ya Mei, ambayo Wamarekani huwakumbuka askari waliokufa vitani, wanachama wataungana na maveterani kusimika bendera ndogo makaburini, na wanaomba vijana wa kuwasaidia kwa sababu magoti ya wengi wao yamechoka. Juni watatoa misaada ya masomo kwa wahitimu wa sekondari. Fomu zinapatikana kwa mshauri wa wanafunzi shuleni, na mzazi wa mwombaji hatakiwi kuwa mwanachama. Kisha wataadhimisha sikukuu ya Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, siku ambayo mwaka 1717 loji nne za London ziliungana kuunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuzisimamia loji.

Sasa nirudi kwa wasomaji wa nyumbani. Nimeambiwa na ndugu zangu kwamba huko kwetu mtu akijenga ghorofa haraka, au msanii akinunua gari la kifahari, watu humaliza mjadala kwa kusema amejiunga. Nchini Kenya serikali iliunda mwaka 1994 tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ilipotolewa mwaka 1999 jina la Frimasoni lilikuwamo. Marekani nayo ilipitia homa ya namna hiyo. Mwaka 1826 mtu mmoja wa jimbo la New York, William Morgan, aliyetangaza kwamba angechapisha siri za chama, alitekwa na hakuonekana tena. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa hata kikaundwa chama cha siasa cha kuwapinga Wafrimasoni, ambacho mgombea wake wa urais, William Wirt, alishinda jimbo la Vermont mwaka 1832. Loji nyingi zilifungwa. Nasema wazi kwamba hasira ile ilikuwa na sababu: mtu alikuwa amepotea, na waliohusika walipewa adhabu ndogo kuliko kosa. Chama kinachofunga milango yake hakiwezi kulalamika watu wanapojaza giza kwa dhana, na naamini hilo ndilo funzo walilolipata hawa wa Maine, ambao leo ukumbi wao una kibao barabarani na saa za vikao zinajulikana na kila mtu mjini.

Wala historia yao si safi katika jambo linalotuhusu sisi watu weusi. Mwaka 1775 huko Boston mtu mweusi aliyeitwa Prince Hall, pamoja na wenzake kumi na wanne, waliingizwa katika chama na loji ya askari wa jeshi la Uingereza, kwa kuwa loji za wazungu wa pale hazikuwataka. Baadaye walipata hati ya kuendesha loji yao wenyewe kutoka London, iliyotolewa mwaka 1784, na wakaanzisha loji ya Waafrika ambayo uzao wake upo mpaka leo. Prince Hall huyohuyo aliweka saini katika ombi la kulitaka baraza la kutunga sheria la Massachusetts likomeshe utumwa. Chama kilichohubiri udugu wa watu wote kiliwanyima ndugu hao utambuzi kwa karibu miaka mia mbili, mpaka Loji Kuu ya Connecticut ilipoanza kubadilika mwaka 1989. Niliwauliza wazee wa hapa kuhusu habari hiyo, na hawakuikwepa.

Kuhusu fedha, ambayo ndiyo chambo cha matapeli, naomba kila msomaji azingatie haya. Anayeingia katika loji huomba mwenyewe kwa watu wanaomfahamu, hupigiwa kura na wanachama, hulazimika kukiri kwamba anaamini kuwako kwa Mungu, na hulipa ada kila mwaka. Fedha inatoka kwake, haiji kwake. Ndani ya kikao hairuhusiwi kujadili siasa wala kubishania dini. Mwaka 1959 Wafrimasoni wa Marekani walizidi milioni nne; leo hawafiki hata milioni moja, na majengo yao mengi yameuzwa kwa kukosa fedha za kuyatunza. Laiti uanachama ungeleta utajiri, watoto na wajukuu wa wazee hao wasingeuacha. Paa la ukumbi wa loji ya mji wetu linavuja, na wanaume wenye miaka zaidi ya sabini wanauza sahani za maharagwe ili walitengeneze.

Afrika Mashariki nako tulikuwa na mtu aliyejulikana na wote. Marehemu Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene mkoani Tabora, aliongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi hadharani, akajibu maswali ya waandishi wa habari bila kujificha. Alifariki Aprili 2017. Utajiri wake ulitokana na biashara ya familia ya kusaga nafaka, iliyotaifishwa mwaka 1967, na baada ya hapo alikubali kulitumikia Shirika la Taifa la Usagishaji. Anayekutumia ujumbe usiku kwamba yeye ni wakala wa chama hicho na anahitaji shilingi elfu hamsini za usajili hana uhusiano wowote na watu wa namna hiyo. Ni mwizi, na nafasi yake ni kituo cha polisi. Ombi langu kwako, Mheshimiwa Mhariri, ni kwamba kila gazeti linapochapa habari za Frimasoni liongeze mistari miwili ya kuwatahadharisha vijana, kwa sababu wanaotapeliwa ni wale wasio na kazi, na ada hiyo mara nyingi wameikopa.

Kwa wenzangu wa Maine nimalizie kwa kuwakumbusha kuhusu tarehe. Loji nyingi hupumzika Julai na Agosti, hazina kikao mpaka Septemba, na mpishi mkuu wa maharagwe ameniambia kwamba chungu cha mwisho kabla ya mapumziko kitafukiwa Juni. Anayetaka kwenda na aende sasa, awachukue watoto, na anayependa kuuliza maswali magumu awaulize wenyewe palepale mezani. Ukumbi una sehemu ya kuegesha magari nyuma, na wanaotegemea usafiri wa wengine wanaweza kuwaona viongozi wa jumuiya zetu mapema ili wapangiwe gari.

Wako mtiifu,

Mzazi Mtanzania,
Lewiston, Maine, Marekani