Julai 14 ya huku, kama nilivyokuahidi

Shosti wangu,

Uliniuliza kwenye voice ile hawa Wafaransa Julai 14, sikukuu yao ya taifa, wanafanyaga nini hasa, nikakwambia gwaride nikakata, nilikuwa kazini bwana. Leo nina off na chai ya tangawizi iko mezani.

Mi nilijua ni siku ya kuvunja gereza la Bastille 1789, basi. Weee! Kwanza humo ndani walikutwa wafungwa saba tu, na watu wenyewe walichofuata hasa ni baruti. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, ikafanyika sherehe kubwa pale Champ de Mars, ulipo mnara wa Eiffel leo, watu wa Paris walibeba majembe na matoroli wakatengeneza uwanja wenyewe, siku ikafika mvua ikanyesha kama imetumwa, na mfalme Louis XVI naye akala kiapo cha kulinda katiba. (Januari 1793 wakamkata kichwa, kwahiyo hicho kiapo ndo hivyo tena.) Sasa 1880 wanapitisha sheria ya sikukuu, wengine hawataki kusherehekea damu ya 1789, wengine ndo hiyohiyo wanaitaka, unajua walifanyaje? Wakaandika Julai 14, mwaka hawakutaja, kila mtu achague wake, 1789 au 1790! Kama mhazini wetu wa kikoba na ile "matumizi mengine" yake.

Gwaride la 1880 lilikuwa Longchamp, kwenye uwanja wa mbio za farasi, Champs-Élysées, ile barabara kubwa ya Paris, ilikuja baadaye. Linalonigusa mimi ni la 1919, Vita ya Kwanza ya Dunia imeisha, wakatangulizwa askari walemavu kama elfu moja, wenye magongo, wanaosukumwa kwenye viti, vipofu, ndo mabosi wa jeshi wakafuata nyuma. Vita ya Pili, Mjerumani ameikalia Paris, huko kimya, jenerali wao de Gaulle aliyekimbilia Uingereza akakagua vijana wake London. Halafu 1989, miaka 200, Jessye Norman, yule dada mweusi wa Marekani, akaimba wimbo wao wa taifa kajifunga gauni la rangi za bendera, bibi wa ghorofa ya juu hapa kwetu akiisimulia hadi leo anashika kifua.

Ya mji wa Nice 2016 sitaki kuandika sana, watu 86 wameuawa na lori, wametoka tu kuangalia fataki. Siku hizi mabegi tunakaguliwa na wala hatununi.

Mwenyewe gwaride nimeenda mara moja, nikasimama tangu asubuhi naona visogo vya watu. Ila wale Legion, kikosi chao cha askari wa kigeni, wanaofunga nyuma, shosti! Wenzao wanaenda harakaharaka, wao hatua 88 kwa dakika, mbele wanaume wa midevu, aproni za ngozi, shoka begani, utasema watu wa machinjio Vingunguti wamepangwa foleni.

Mimi roho yangu iko kwenye dansi la faya usiku wa tarehe 13. Wanasema lilianzia Montmartre 1937, vituo vya faya vinafunguliwa, magari mekundu yanasogezwa pembeni, pipa la michango liko getini, unatupia chochote unaingia, vijana wenyewe ndo wanauza vinywaji, na ukiwaona utaelewa kwanini foleni ya wadada inazunguka mtaa. Mwaka jana nilipanga saa mbili nzima, nimeingia, nyimbo ya tatu kisigino kikakatika, nikacheza peku mpaka alfajiri.

Kwahiyo hiyo viza ikitoka, raba.

Wako wa siku zote.