Huyo dada kwenye picha, nani kawaambia katoka Afrika?

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila leo mnivumilie, ni kuhusu ile picha ya mwanamke mweusi mliyotoa ukurasa wa utamaduni, ile ya rangi za mafuta ya mchoraji wa Kipolandi Anna Bilińska. Chini mmeandika "binti wa Kiafrika". Sasa mmejuaje? Ilichorwa 1884, kipindi Anna anasoma Paris, na jina la picha ni Murzynka, yani mwanamke mweusi kwa Kipolandi, basi, hakuna nchi hapo (na hilo neno lenyewe siku hizi Wapolandi wanavutana nalo). Paris kulikuwa na weusi wa visiwa vya Karibi pia, na wengine waliozaliwa hukohuko.

Halafu habari nzima mmeijaza wizi, Wajerumani wameibeba Warsaw wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikapotea mpaka 2011 ikaibukia mnadani Berlin, 2012 ikarudi makumbusho. Tamu, sikatai. Ila turubai la picha mmelifuata hadi mnadani na mwenye sura hamjamuulizia hata sentensi moja. Mabega wazi, kipepeo cha kujipepea cha Kijapani mkononi, hivyo ni vitu vya studio jamani, alikuwa modeli, kapewa ashike.

Sa angalieni picha aliyojichora Anna mwenyewe 1887, iko Kraków huko Polandi, ndo iliyompa medali Paris. Kakaa kwenye kiti, gauni jeusi maana kafiwa na baba na mchumba, aproni juu, brashi mkononi, nywele zimemtoka ovyo, na nyuma yake kitambaa kimetundikwa vilevile kama wanavyowatundikia mamodeli, yani kaenda kukaa palepale walipokaa akina yule dada! Tofauti ni kwamba yeye tunamjua hadi msiba wake. Simlaumu, naye alikuwa na yake, chuo cha sanaa cha serikali pale Paris hakikupokea wanawake mpaka 1897, ikabidi aende Académie Julian, ya kulipia, na wanawake walitozwa zaidi ya wanaume.

Ombi langu dogo tu, mkiitoa tena andikeni modeli, Paris, 1884, jina halijulikani. Hiyo "binti wa Kiafrika" futeni.

Msomaji wenu