Kabla ya chanjo ya mbwa, mfundisheni mtoto kushika kamba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo ambalo matangazo ya chanjo ya kichaa cha mbwa hayaligusi. Inapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, spika hupita mitaani: leteni mbwa wenu. Wanaowaleta ni watoto wa shule. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, na mbwa mwenyewe hamsikii mtu ila yule mtoto anayemmwagia ukoko jioni. Basi mtoto wa darasa la nne anamburuta mbwa kwa waya wa umeme au kipande cha khanga hadi kituoni, ambako kuna mbwa makumi wasiojuana, kila mmoja kakasirika.

Tuanze na kamba, maana vurugu nyingi za kituoni zinaanzia hapo. Waya hukata ngozi. Kitanzi kinachoteleza, kila mbwa akivuta ndivyo kinavyozidi kukaba, na mbwa anayepigania pumzi huuma kilicho karibu, yaani mkono wa mtoto. Chukueni mkanda kuukuu wa suruali, utoboeni matundu, mumvalishe shingoni. Kipimo ni vidole viwili: vikipita kati ya mkanda na shingo, unafaa, ukipitisha kiganja kizima, mbwa atarudi kinyumenyume na kichwa kitachomoka. Kwa mbwa anayekua, mkanda ukaguliwe kila wiki. Ukisahauliwa huzama kwenye nyama, na mwenye nyumba huja kushtuka anaposikia harufu.

Kwenye mkanda ifungwe kamba ya katani au ya manila, unene wa kidole kidogo, urefu wa mita 2. Mtoto asijizungushie kamba kwenye kiganja, wala asijifunge kiunoni. Mbwa akikurupuka, kamba iliyozungushwa humvunja vidole au humwangusha na kumburuta. Aikunje mkunjo juu ya mkunjo, aikamate katikati, ili ikibidi aiachie. Wanaume wazima tunaona wanakosea hapa, sembuse mtoto.

Mazoezi yaanze wiki 2 kabla. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa atajitupa chini na kupiga kelele siku ya kwanza. Asichapwe wala asivutwe. Mtoto asimame tu, kamba ikilegea ampe dagaa mmoja. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha, na mtu mzima awepo. Siku ya chanjo yenyewe wasimame hatua tano au sita mbali na mbwa mwingine, na wakati wa sindano kichwa kishikwe na mtu mzima. Hilo halina mjadala.

Kuna kosa lingine: watoto wa mbwa huachwa nyumbani kwa kudhaniwa ni wachanga mno. Shirika la Afya Duniani linataka kampeni ziwachanje hata walio chini ya miezi 3, kisha warudiwe baadaye. Sababu ni hesabu. Ili ugonjwa ukatike, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo lazima wawe wamechanjwa, na mbwa wetu huzaa haraka. Mimba ni siku 63 tu. Ukiwaruka wachanga, miezi michache baadaye mtaa umejaa mbwa wasio na kinga. Pemba waliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014, ukaingia tena 2016, ikabidi kazi ifanywe upya mpaka ulipokatika tena 2018. Kadi ya chanjo itunzwe na mtoto mwenyewe, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za nyumbani. Ikikaa kwa baba itapotea.

Sasa kung'atwa. Hapa ndipo tunapopoteza watoto, na mara nyingi chanzo ni fimbo. Mtoto aliyemchokoza mbwa akaumwa anajua akisema atachapwa, basi anaficha jeraha chini ya soksi. Dalili huweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi, na zikishaanza hakuna dawa ya kumwokoa. Mzazi na mwalimu watamke wazi, kabla jambo halijatokea: ukiumwa, au hata ukikwaruzwa au kulambwa penye kidonda, sema, hutaadhibiwa. Tamko hilo lirudiwe kila muhula.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na mtoto hana saa. Mpeni kipimo cha ndoo: ndoo ya lita 20, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa polepole juu ya jeraha, huku sabuni ikirudiwa, mpaka ndoo iishe. Kirusi cha kichaa kina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Majivu, mafuta ya taa na pilipili visiguse jeraha. Kisha zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ni zaidi ya moja na kila moja ina tarehe yake. Kuacha katikati kwa kuwa kidonda kimepona ni hatari.

Na mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, akae siku 10 chini ya macho ya ofisa mifugo. Akibaki mzima mpaka mwisho, hakuwa akitoa kirusi siku aliyouma. Lakini chanjo ya aliyeumwa isisubiri majibu hayo.

Mtoto afundishwe pia lini asimguse mbwa: anapokula, anapolala, anaponyonyesha. Mkia unaotikisika si furaha kila mara. Ukiwa juu, umekakamaa na unatikisika haraka haraka, ni onyo. Mbwa mgeni akimjia, asikimbie wala kumkazia macho. Asimame wima, mikono kifuani, atazame chini. Akiangushwa ajikunje kama jongoo, akinge shingo na masikio.

Mnyororo mfupi wa mchana kutwa hutengeneza mbwa mkali asiyejua mlinzi ni nani na mwizi ni nani. Tandazeni waya mnene kati ya nguzo mbili, mita 8 hivi, pete ya mnyororo iteleze juu yake. Wekeni kizuizi kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungusha ajinyonge.

Chakula hakina makuu. Mbwa wa kilo 15 anatosheka na ugali wa unga wa gramu 150 hivi kwa siku pamoja na viganja viwili vya dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Maji karibu lita moja, na zaidi wakati wa joto. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge asipewe kabisa, hasa kwa wafugaji: humo mna tegu anayerudi kwa binadamu kupitia kinyesi cha mbwa. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, kila miezi 3 kwa mbwa mkubwa. Kumpima ni somo zuri la hisabati: mtu mzima apande mizani peke yake, kisha akiwa amembeba mbwa, mtoto atoe uzito wa kwanza kwenye wa pili. Kupe wavutwe kwa kibano karibu na ngozi. Oili chafu ya gari asipakwe, atailamba.

Kwa ndugu zetu Waislamu, hasa wa pwani, wanaoona mtoto asikaribie mbwa kwa ajili ya najisi: bakuli la mbwa liwe lake peke yake, litiliwe chakula kwa upawa wa mpini mrefu. Hadithi ya mtu aliyemtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu, akasamehewa, inajulikana madrasa zote.

Tunachowaomba walimu wakuu na maofisa mifugo wa kata ni nusu saa ya vitendo uwanjani, wiki 2 kabla ya chanjo. Vifaa ni mkanda kuukuu, kamba ya mita 2, ndoo ya lita 20 na kipande cha sabuni ya mche. Mbwa wa kujifunzia atafutwe mpole, aliyekwisha kuchanjwa.

Maofisa ugani wa mifugo,
Arusha