Kawawa wa migomo mbona hatumsemi?

Mhariri, mie nina neno dogo tu. Kila akitajwa mzee Rashidi Kawawa tunasikia Simba wa Vita, Simba wa Vita, basi imeisha, wakati huyu bwana kabla ya siasa alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kabisa, TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, ilipoanzishwa 1955 yeye ndo katibu mkuu wa kwanza, na kabla ya hapo alishaigiza mpaka filamu (watoto wa siku hizi ukiwaambia wanacheka).

Babu yangu alikuwa kibarua wa mkonge, kadi yake ya chama aliiweka kwenye kopo la majani ya chai, imekunjwa mara nne, na akimtaja Kawawa sauti ilishuka kidogo. Alimpenda lakini kuna kitu kilimkwama. Kwa sababu Januari 1962 Nyerere akang'atuka uwaziri mkuu, Kawawa akashika, na mwaka huohuo serikali yake ikapitisha sheria zilizofanya kugoma kuwe shughuli pevu, yaani mtu aliyepanda juu kwa migomo ndo anaifungia mlango! Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, alipinga, akapelekwa ubalozi London. 1964 TFL yenyewe ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali.

Sasa watetezi wake watasema nchi ilikuwa changa, sawa, naelewa, ila babu alikuwa anauliza swali moja tu, bosi akikukata posho unaenda kumlilia nani.

Msomaji wenu, Morogoro